Mguu Uliokwisha Kupona

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Sketi tatu za masomo nilizopewa na shule kushona zimeisha. Ya nne imebaki pindo. Asubuhi nilichemsha chai, nikapasha wali wa jana, nikampelekea Salima kitandani. Hakula. Ana miaka kumi na tatu na huu ni mwezi wa tatu hatoki chumbani ila kwa kubebwa.

Alianguka mwezi wa saba, akishuka mtumbwi kule ng'ambo ya mto. Kifundo cha mguu wa kushoto kikajipinda. Dokta alisema wiki tatu. Wiki tatu zikapita, uvimbe ukaondoka, maumivu yakabaki. Kisha yakazidi. Hapo ndipo sielewi.

Leo shuka lilimgusa mguu akapiga kelele. Shuka tu, pamba nyepesi, nililipinda mwenyewe.

Ninaogopa.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Hospitali. Picha ya pili. Dokta aliiinua dirishani, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Mfupa mzima. Damu safi. Hakuna usaha, hakuna homa. Mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilikaa chini.

Kama hakuna kitu, ni nini kinamliza mtoto wangu?

Dokta alisema yuko dada mmoja wa mazoezi ya viungo, anaitwa Odette, amesomea maumivu kama haya. Atampa habari zetu. Nilisikia nusu tu.

Tulirudi kwa pikipiki. Kila shimo, kilio. Dereva akauliza kama mtoto amevunjika. Nikasema ndiyo. Ni rahisi kueleza.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Baba Salima amerudi kutoka Lokandu na samaki wake wa moshi. Alikaa na binti yake kitambo kidogo. Kisha akatoka nje akanawa uso, akanawa tena.

Baada ya adhuhuri akaja dada yake mkubwa, wifi yangu, Mama Amisi. Anasema maumivu yasiyo na kidonda ni ya kutumwa. Anamjua fundi mmoja huko Pangi. Anachanja mguu kwa wembe, anatoa kilichotumwa.

"Wifi, wewe uko unangoja nini? Mutoto anakwisha."

Mama Amisi si mtu mbaya. Nilipougua baada ya kujifungua, yeye ndiye aliyembeba Salima mgongoni mwezi mzima. Ndiyo maana namwogopa. Mtu mbaya ningemfukuza.

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba

Mguu umebadilika rangi. Asubuhi ulikuwa baridi, wa zambarau kama ngozi ya biringanya. Saa nane mchana ukawa moto. Mguu wa kulia uko kama siku zote.

Nilimwambia afumbe macho. Nikagusa kidole kidogo, kwa ncha ya kidole changu, taratibu kabisa. Akasema nimegusa kikubwa. Nikagusa cha kati. Akasema hajui.

"Mama, huu muguu uko mukubwa kuliko ule?"

Nikapima kwa tepu yangu ya kazi. Sawasawa. Nikamwonyesha. Anasema anausikia umekuwa kama ndoo.

Nilikwenda jikoni nikasimama humo bila kupika chochote. Mtoto wangu hajui tena mguu wake ulipo. Sijawahi kusikia ugonjwa wa namna hii.

Leo nimemwuliza "inauma?" sijui mara ngapi. Kila mara anasema ndiyo.

Jumatatu, tarehe 16 Oktoba

Mariamu. Sijawahi kuliandika jina hili.

Mdogo wangu. Wakati wa vita mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye tisa. Risasi zilipoingia mtaani kwetu tulikimbia kwa barabara ya Kailo, halafu tukaiacha barabara tukaingia msituni, kwa sababu barabarani watu walikuwa wanauawa. Baba, mama, sisi wawili, na sufuria moja.

Siku ya pili Mariamu akasema mguu unauma. Hapa chini ya goti. Baba akautazama. Hapakuwa na kitu. Akasema mtoto amechoka tu. Alimbeba kidogo. Kisha akachoka yeye. Nyuma yetu tulisikia milio. Akakata kijiti. Hakupiga kwa nguvu. Lakini alipiga. Tembea, Mariamu. Hauumi. Tembea.

Mariamu alitembea siku tatu.

Kailo tulimpata muuguzi aliyejificha kama sisi. Aliupasua mguu kwenye sakafu ya nyumba ya watu. Usaha ulikuwa umefika mfupani. Dawa hakuwa nayo. Homa ikamchukua kabla ya Ijumaa.

Baba aliishi miaka mingine kumi na minne na hakuutaja mguu ule hata mara moja. Mama hakumwuliza. Mimi pia sikusema. Na mimi nilimwambia Mariamu anajidekeza. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilisema hivyo.

Sasa dokta ananiambia mguu wa Salima hauna kitu.

Jumanne, tarehe 17 Oktoba

Sikushona. Nilikaa mlangoni mwa chumba chake.

Jumamosi, tarehe 21 Oktoba

Odette amekuja. Mwanamke mfupi, wa Kibombo, sauti ya chini. Nilitegemea mashine au sindano. Alikuja na kipima joto tu mkobani.

Alizungumza na Salima muda mrefu kuhusu mambo mengine. Rafiki zake, masomo, usingizi. Halafu mguu. Alipima homa. Alitazama ngozi, kucha, magoti yote mawili. Akamwambia hivi, nimeyaandika alipotoka ili nisiyapoteze:

"Salima, iko maumivu ya kweli. Wewe hauko unajifanya. Ila muguu umekwisha kupona. Anayelia sasa njo mulinzi."

Anasema maumivu yote hutengenezwa na ubongo, ndio huyo mlinzi, hata ya mtu aliyekatwa na panga. Mguu hupeleka habari kwa mishipa, ubongo ndio unaoamua kama ni hatari. Kwa watoto wengine kidonda hupona lakini ubongo haupati habari ya amani. Unaendelea kulinda. Mwishowe kila kitu unakiita hatari, hata shuka. Mishipa inayojifunza kulia inalia upesi zaidi kila siku. Ndiyo maana rangi inabadilika, ndiyo maana anausikia kama ndoo: picha ya mguu iliyo kichwani imechafuka kwa sababu hautumiki.

Nikamwambia sielewi. Akaniuliza:

"Mama, vita ilipoisha hapa Kindu, ulilala vizuri tangu siku ile?"

Nikacheka, cheko baya. Miaka mingi baada ya amani, bati likianguka kwa upepo mimi nilikuwa chini ya meza kabla sijajua nimefika vipi. Si kwamba nilikuwa mjinga. Mwili ulikuwa umejifunza.

"Njo vile," akasema.

Ubongo wa mtoto hujifunza mabaya haraka, anasema, lakini na mazuri pia, kuliko wetu.

Kisha akageuka akakiona kioo kirefu cha wateja, na gunia la vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Akatabasamu. Anasema nusu ya dawa iko ndani ya nyumba yangu.

Alipokuwa akiondoka alinivuta nje. Nisiulize tena kama inauma. Hata mara moja. Kila ninapouliza, namwita mlinzi aamke. Na Salima anasoma uso wangu kabla hajausikia mguu wake.

Uso wangu. Niupeleke wapi?

Jumanne, tarehe 24 Oktoba

Kioo tumekilaza kwa ubavu katikati ya miguu yake. Mguu mbaya nyuma, hauonekani. Mguu mzima mbele. Anauinua mguu wa kulia, na kiooni anaona wa kushoto unainuka, mzima, bila taabu. Ubongo unaamini macho.

Dakika ya kwanza Salima alitoka jasho. Akasema kichwa kinazunguka. Nilitaka kukiondoa kioo, Odette akaniashiria kwa kichwa, hapana. Dakika ya pili Salima akakiinamia kioo. Akasema:

"Mama, muguu uko unatembea."

Dakika tatu, basi. Mara mbili kwa siku.

Na vitambaa. Sateni kwanza, juu ya goti. Kisha kushuka kidogo. Yeye mwenyewe anajipangusa, si mimi. Baadaye pamba, baadaye jinzi, mwisho kabisa kitambaa cha gunia. Sateni tu ilimtoa machozi leo. Lakini alishika yeye.

Sikuuliza. Nimekuja kuuliza hapa. Inauma, mwanangu? Inauma? Inauma?

Jumatatu, tarehe 30 Oktoba

Tumegombana, mimi na Odette.

Alisema wiki hii Salima asimame. Hatua tano, kila siku, maumivu yawepo yasiwepo. Nikasikia kijiti cha baba. Nikasema hapana. Nikapandisha sauti, Salima akiwa anasikia. Nikasema ndani ya nyumba hii hakuna mtoto atakayelazimishwa kutembea na mguu unaouma.

Odette hakukasirika. Alinifuata jikoni akakaa kwenye kigoda. Nikamweleza habari za Mariamu. Yeye ni mtu wa kwanza kuzisikia. Mume wangu, tuliyeishi pamoja miaka kumi na tano, hazijui, na nimemwambia mgeni aliyekuja mara tatu.

Kisha akasema mguu wa Mariamu ulikuwa unaungua, na mlinzi wake alisema kweli. Wa Salima wameupima: hauna homa, damu safi, mfupa safi. Homa ikija hata mara moja, au mguu ukivimba upya, siku hiyo hiyo hospitali, bila kungoja yeye.

"Baba yako alimwambia hauumi. Mimi nimemwambia unauma. Na Salima njo atasema tunaishia wapi. Hakuna kijiti, Mama."

Nilisikia. Sijui kama niliamini. Baadaye nilishindwa kutunga uzi.

Lakini nilikubali, na Salima alisimama kwa hatua mbili. Yeye mwenyewe akasema basi. Tukaacha. Alikuwa mweupe midomoni.

Ijumaa, tarehe 3 Novemba

Hatua nne. Jana tatu, juzi moja. Hazipandi sawa.

Baba Salima alirudi kutoka msikitini na dada yake. Walikuwa wamekwisha kuongea. Anasema wiki mbili za kujitazama kiooni zinatosha, mtoto analia ndani ya nyumba yake na yeye anatazama tu kama mwanamume asiye na mikono. Mama Amisi atampeleka Pangi.

Nikasema hapana. Akasema tutaongea. Hakunitazama. Anaogopa kuliko mimi, na yeye hana pa kuandika.

Nimefikiria ule wembe kwenye mguu usioweza kuvumilia shuka.

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu nilipeleka sketi shuleni. Baba Salima alikuwa bandarini na mizigo yake. Nilirudi saa nne na nusu. Kitanda kitupu. Kioo kimeegemezwa ukutani. Jirani akasema Mama Amisi alikuja na pikipiki, wamekwenda mtoni, si nilijua?

Nilikimbia. Nimesahau kiatu kimoja kilikatikia wapi. Mtumbwi ulikuwa unajaa, nikaingia na watu wakakasirika. Katikati ya Lualaba mpiga kasia aliacha kupiga ili atafute kitu mfukoni. Nilimpigia kelele. Nilikuwa naona wembe tu. Wembe, na sakafu ya Kailo.

Ng'ambo, pale pikipiki za Pangi zinapongoja abiria, niliwaona. Salima ameketi juu ya gunia la mihogo, mguu mbele yake, uso umekunjamana. Mama Amisi anapatana na dereva.

Nilitaka kupiga mayowe. Salima akaniona. Nikaona macho yake yanavyoupekua uso wangu, haraka, kama mtu anayetafuta habari. Nikakumbuka. Nikausimamisha uso wangu. Sijui nilifanyaje. Nikatembea, sikukimbia tena.

"Wifi, tunarudi nyumbani," nikasema.

"Mutoto wa ndugu yangu nitamwacha afe?"

"Hatakufa. Mguu umepona."

"Umepona na analia! Unasikia mwenyewe unavyosema?"

Watu wakakusanyika. Nilijaribu kueleza mambo ya mlinzi, yakatoka ovyo, nikasikia nasema upumbavu. Mama Amisi alianza kulia. Alisema anampenda, kwamba hawezi kumwona hivi. Nilimwamini.

Salima ndiye aliyesema. Alisema akiwa ameketi, kwa sauti ndogo:

"Shangazi, mimi sitaki kukatwa. Mukinikata, ubongo utajua kweli iko hatari. Hautaacha tena."

Dereva akawasha pikipiki yake akaenda kutafuta abiria wengine.

Kisha Salima akaomba mkono. Si wangu. Wa shangazi yake. Akasimama. Kutoka pale hadi kwenye mtumbwi ni mteremko wa udongo, na pale pale ndipo alipoanguka mwezi wa saba. Nilijua. Naye alijua. Alisimama mara nyingi. Alilia njia nzima na alitembea njia nzima. Aliposema basi, tulisimama. Aliposema twende, tulikwenda. Mimi nilikuwa nyuma na sikusema chochote, nikang'ata ulimi hadi nikaonja damu.

Hapakuwa na kijiti.

Jumatano, tarehe 8 Novemba

Siku mbaya. Mguu mwekundu, hakulala, hakufanya chochote ila sateni. Nilipima homa mara sita. Hakuna. Nilitaka iwepo, Mungu anisamehe, angalau ningejua tunapigana na nini.

Odette alisema siku kama hii lazima ije baada ya safari kama ile, na si hasara. Sikumwuliza kama ana uhakika.

Baba Salima aliomba radhi kwa binti yake, akiwa amesimama mlangoni. Mimi hakuniomba. Nikamwita nyuma ya nyumba nikamweleza habari za Mariamu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Miaka yote hii?" Nikasema ndiyo. Akanishika bega.

Jumatano, tarehe 15 Novemba

Pamba imevumilika. Jinzi bado. Vidole vitatu kati ya vitano amevitaja sawa akiwa amefumba macho.

Odette amempa kazi mpya: kanyagio la cherehani yangu. Miguu yote miwili, dakika mbili, bila uzi. Nilisimama kando. Mashine iliruka, ikasimama, ikaruka. Ana mwendo mbaya sana wa kukanyaga. Nikamwambia hivyo. Akanikasirikia kama mtoto yeyote anayekasirikia mama yake.

Mama Amisi alileta ndizi. Aliketi akatazama kioo kinavyofanya kazi. Alipoondoka aliacha kitambaa chake cha kichwa, laini sana, akasema labda kitafaa kwa kupangusia.

Jumatatu, tarehe 27 Novemba

Salima amerudi masomoni. Muda wa saa mbili tu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Baba yake alimpeleka na pikipiki, naye Salima akatembea mwenyewe kutoka langoni hadi kalasi, darasani kwao.

Saa hizo mbili nilishona mkono wa gauni kinyume. Nikafumua. Nikashona tena kinyume.

Alirudi amechoka, maumivu makali, akalala. Alipoamka alisema, "Kesho saa mbili tena." Bado naogopa. Naogopa mlinzi huyu atarudi siku ya mtihani, siku ya arusi, siku yoyote nitakayokuwa sipo. Odette anasema huenda akarudi. Akirudi, Salima atajua la kufanya. Naogopa vilevile. Lakini nimepunguza kuogopa kwa sauti.

Jumamosi, tarehe 9 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Baba Salima yuko Lokandu.

Salima aliketi nami jikoni nikitwanga sombe, majani ya mihogo. Alinieleza kisa cha mwalimu wa jiografia aliyeandika ubaoni jina la mto akakosea, na msichana mmoja akamsahihisha, na mwalimu akasema ni mtego aliuweka makusudi, na kalasi nzima ikacheka hadi mwalimu naye akacheka. Alikieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alicheka kabla ya kufika mwisho. Kisha akaingia kwenye habari za msichana yule, na kaka wa msichana yule, na viatu anavyovaa kaka yule.

Mguu hakuutaja. Sikuuliza.

Alizungumza hadi sombe ikaiva. Tukala.